Ada ya Chuo Kikuu Haiulizi Mkoa Wako: Uraia, Ukaazi na Karatasi za Nyumbani

Mazungumzo na wazazi, walezi na wanafunzi wa sekondari, Kalenga, Mkoa wa Iringa



Ofisi imenituma nieleze jambo moja ambalo katika mikutano kama huu huulizwa kwa namna nyingi, lakini kiini chake ni kile kile. Mzazi husimama akasema: “Binti yangu amechaguliwa kwenda Mbeya. Sisi ni watu wa Iringa. Je, atatozwa ada kubwa kuliko watoto wa Mbeya?” Mwingine husema: “Kijana wetu anataka kwenda Dar es Salaam. Nimeambiwa akihamia kwa mjomba wake mwaka mmoja kabla, atahesabiwa mwenyeji na ada itapungua.” Na wa tatu husema kwa sauti ya chini kidogo: “Kuna mtu amesema nikimpa fedha atanipatia barua ya ukaazi itakayomshushia mtoto ada.”

Wote watatu wanastahili jibu la wazi, kwa kuwa nyuma ya kila swali kuna magunia ya mahindi yatakayouzwa, au ng'ombe, au kipande cha shamba. Mtu anayekaribia kuuza shamba hapaswi kufanya hivyo kwa sababu ya uvumi.

Jibu fupi

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, ada ya masomo haipangwi kwa mkoa. Mtoto wa Kalenga anayekwenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hulipa ada ile ile anayolipa mtoto wa Mbeya katika programu hiyo hiyo. Mtoto wa Tukuyu anayekuja Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, hapa Iringa, halipi zaidi ya mtoto wa Kalenga. Kadhalika hakuna haja ya kumhamishia kijana kwa mjomba wake Dar es Salaam ili apate unafuu wa ada, kwa kuwa unafuu huo haupo. Kwa hiyo anayeuza barua ya ukaazi wa mkoa kwa ajili hiyo anauza kitu kisichotumika popote. Msimpe fedha.

Mpaka upo, ila uko mahali pengine. Jedwali la ada la chuo cha umma kwa kawaida huwa na safu mbili. Safu ya kwanza ni ya Watanzania, nayo huandikwa kwa shilingi. Safu ya pili ni ya wasio Watanzania, na mara nyingi huandikwa kwa dola za Marekani. Swali linaloamua mtoto wako atawekwa katika safu ipi ni hili: je, ni raia wa Tanzania, na je, anaweza kuthibitisha hivyo kwa karatasi? Sehemu ya kwanza ya swali hilo imekwisha kujibiwa kwa wengi wetu tangu tulipozaliwa. Sehemu ya pili ndiyo inayowaponza watu, na ndiyo sababu ya mimi kusimama mbele yenu leo.

Uvumi huu umetoka wapi?

Si vyema kuwacheka wanaoamini habari ya ukaazi. Katika nchi nyingine ni jambo la kweli kabisa, na huenda mmelisikia kutoka kwa ndugu walioko ughaibuni.

Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina vyuo vikuu vyake vinavyosaidiwa na kodi za watu wa jimbo hilo. Kwa sababu hiyo mtoto wa mlipakodi wa jimbo hutozwa ada ndogo, na anayetoka jimbo jingine hutozwa kubwa zaidi, hata kama wote wawili ni raia wa Marekani. Katika majimbo mengi mtu hutakiwa awe ameishi humo kwa muda usiopungua miezi 12, na aonyeshe kuwa amekuja kuishi, si kusoma tu. Nawaombeni mlikumbuke hilo la mwisho. Ndugu akikwambia, “Mlete kijana akae kwangu, baada ya mwaka atalipa ada ya wenyeji,” jua kwamba anayeingia kule kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi mkazi wa jimbo, hata akiishi humo miaka yote ya masomo. Uingereza nako, anayetaka ada ya wenyeji hutakiwa kwa kawaida awe ameishi huko kihalali miaka mitatu kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na asiwe ameishi huko kwa lengo kuu la kusoma.

Kwetu mambo hayakujengwa hivyo. Mkoa wa Iringa haumiliki chuo kikuu, wala Mkoa wa Mbeya. Vyuo vikuu vya umma ni vya Jamhuri, na ruzuku yake hutoka Hazina, ambako kodi ya mkulima wa Kalenga na ya mvuvi wa Mwanza huingia mfuko mmoja. Fedha ikiwa ya wote, hakuna sababu ya kumuuliza mtoto anatoka mkoa gani.

Mahali pamoja ambapo ukaazi una uzito

Katika Jamhuri yetu kuna mahali ambapo neno ukaazi lina maana ya kisheria katika jambo hili, napo ni Zanzibar. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Hata hivyo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa ajili ya Wazanzibari. Mwombaji huko huthibitisha Uzanzibari wake, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndicho karatasi ya kwanza kuulizwa. Kijana wa Kalenga aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hataombea mkopo katika bodi hiyo. Ataombea katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile ya Muungano, kama wenzake wa Bara.

Kwa majirani zetu

Nyanda za Juu Kusini zinapakana na Zambia na Malawi, na wapo vijana wanaovuka Tunduma au Kasumulu kwenda kusoma. Wengine hutazama Nairobi au Kampala. Je, huko watakuwa wageni?

Wazee mnaweza kukumbuka wakati ambapo jibu lilikuwa rahisi zaidi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na sheria ilifundishwa Dar es Salaam. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikabaki na chake, na tangu hapo mipaka ya nchi ikaingia pia katika majedwali ya ada.

Juhudi za kuilegeza mipaka hiyo zipo. Nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC mwaka 1997, na humo zilikubaliana kwamba katika muda wa miaka kumi tangu itifaki ianze kutumika, mwanafunzi kutoka nchi mwanachama atendewe kama mwenyeji katika ada na malazi. Nao Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Dar es Salaam mwezi Mei mwaka 2017, waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Lakini nawasihi: makubaliano ya nchi ni jambo moja, na jedwali la ada la chuo ni jambo jingine. Vipo vyuo vinavyomweka Mtanzania katika safu ya wenyeji, vipo vyenye safu ya tatu kwa ajili ya nchi jirani, na vipo vinavyomhesabu mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kiandikie chuo na uombe kijibu kwa maandishi swali hili: “Mwanafunzi raia wa Tanzania yumo katika kundi gani la ada, na kiasi ni gani kwa mwaka kwa miaka yote ya programu?” Jibu la simu huishia hewani, bali barua unaweza kuirejea mwaka wa pili ada ikibadilishwa.

Nani ni raia, na karatasi husema nini

Aliyezaliwa hapa nchini na wazazi Watanzania hana shaka juu ya uraia wake. Mashaka huja kwa familia za mpakani, na kwa zile ambazo mzazi mmoja alitoka nje. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Malawi au Zambia ambaye baba au mama yake ni Mtanzania anaweza kuwa raia kwa kurithi, iwapo mzazi huyo naye hakuupata uraia wake kwa kurithi vivyo hivyo. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kijana mwenye haki pande zote mbili hana budi kuamua anapotimiza miaka 18. Familia yenye hali kama hiyo iende ofisi ya Uhamiaji mapema, mtoto akiwa bado shuleni, wala isisubiri barua ya chuo.

Kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema, nalo ni kudhani kwamba cheti cha kuzaliwa ni cheti cha uraia. Cheti cha kuzaliwa hueleza umezaliwa wapi, lini, na wazazi wako ni nani. Ni ushahidi mkubwa, na bila hicho milango mingi haifunguki, lakini husomwa pamoja na karatasi nyingine: kitambulisho cha taifa cha mwombaji mwenyewe kama ametimiza miaka 18, vitambulisho vya wazazi, na vyeti vya shule. Karatasi hizo zinapaswa kukubaliana. Zikipingana, anayezikagua hana njia ya kujua ipi inasema kweli.

Jambo lililonipata mimi

Nisamehewe nikijitolea mfano mwenyewe. Nimezaliwa katika mkoa huu huu, wilaya ya Mufindi, katika familia ya vibarua wa mashamba ya chai. Nilipofika umri wa kwenda shule baba alikuwa safarini, na aliyenishika mkono kunipeleka kuandikishwa alikuwa babu. Mwalimu akauliza jina la mtoto, babu akalitaja langu, kisha akaweka na lake, kwa kuwa kwake yeye mimi nilikuwa mtoto wake. Hakuna aliyeona kosa. Nikafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina la babu, nikafanya wa kidato cha nne na wa kidato cha sita kwa jina hilo hilo.

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Tulikitafuta baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, tukitumia kadi ya ubatizo, na kadi ilikuwa na jina la baba. Hivyo nikawa na watu wawili katika bahasha moja: wa shule na wa kanisani. Nilituma maombi ya mkopo nikiwa na matumaini makubwa. Maombi hayakukamilika, kwa sababu cheti cha kuzaliwa na vyeti vya mitihani havikufanana, na nilipomaliza kuhangaika na hati ya kisheria ya majina dirisha lilikuwa limefungwa.

Chuo nilikwenda. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa na ng'ombe wawili wa mama yangu na akiba ya baba ya miaka isiyopungua sita. Mdogo wangu, aliyekuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni, alibaki nyumbani mwaka mzima, kwa kuwa fedha hazikutosha watoto wawili. Mwaka uliofuata mkopo niliupata. Lakini mwaka wa mdogo wangu haukurudi, na hadi leo tukikutana nyumbani hatuuzungumzii. Babu yangu hakuwa na kosa, mwalimu hakuwa na kosa, na ofisi iliyozikataa karatasi zangu ilifuata utaratibu. Ilikosekana tu dakika kumi za mtu mmoja kuketi na karatasi zote mezani na kuzilinganisha, miaka miwili kabla.

Kwa nini karatasi zina thamani ya fedha

Tangu miaka ya 1990 ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu, familia hubeba sehemu ambayo awali Serikali iliibeba yote. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, ndiyo msaada mkubwa wa mtoto wa mkulima. Nayo haikopeshi asiye Mtanzania. Katika miongozo yake ya miaka ya karibuni mwombaji hutakiwa pia asizidi umri wa miaka 35, awe amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa, na awe amemaliza kidato cha sita au masomo yanayolingana nayo ndani ya miaka mitano iliyopita.

Hapa ndipo mahali mnapoishi panapoingia, lakini kwa namna nyingine. Fomu ya mkopo hupitishwa kwa kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, naye huthibitisha kwamba anaifahamu familia. Hupitishwa pia kwa mwenye mamlaka ya kushuhudia viapo. Saini hiyo ya kijiji haimpunguzii mtu ada. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba maelezo ya hali ya nyumbani ni ya kweli: kwamba huyu ni yatima, kwamba kaya hii inasaidiwa na TASAF, kwamba mzazi huyu ana ulemavu. Hali hizo huangaliwa katika kupima uhitaji, na kila moja ina karatasi yake. Yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya Tanzania Bara huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kabla ya kuambatishwa. Uhakiki huo huchukua siku kadhaa, na siku za mwisho za dirisha la maombi watu huwa wengi.

Nawaomba pia mkumbuke kwamba mkopo ni deni. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi mpaka deni liishe. Kijana alijue hilo kabla ya kuweka saini, na mzazi anayemdhamini alijue pia.

Unafuu wa kuishi karibu

Niliposema kwamba hakuna punguzo la mkazi, sikumaliza maneno. Lipo punguzo moja ambalo ni la kweli, ila chuo hakilitoi. Hutolewa na nyumba yako. Mwanafunzi wa Kalenga aliyepangiwa Mkwawa anaweza kulala kwao na kwenda chuoni kwa daladala. Halipi pango, na ugali wake hutoka shambani kwenu. Ukijumlisha pango na chakula kwa mwaka, kiasi hicho kwa familia nyingi hukaribia ada yenyewe, na pengine huipita. Kwa hiyo mnapojaza machaguo ya vyuo, msilinganishe ada peke yake. Andikeni gharama yote ya mwaka: ada, malazi, chakula, nauli, vitabu, bima ya afya, na michango midogo kama ile ya uthibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu. Kisha linganisheni chuo na chuo.

Mkumbuke vilevile kwamba si kila chuo kikuu kilicho karibu ni cha umma. Iringa ina Mkwawa, ambacho ni cha umma chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ina pia Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, ambavyo ni vya binafsi. Vyote vinatambuliwa, na wanafunzi wake wanaweza kuomba mkopo wa Bodi, lakini viwango vyao vya ada vinatofautiana. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ichungulie kabla ya kuomba.

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio

Kwa mwenye mtoto mchanga: msajili sasa. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, ambao Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuupokea mwaka 2013, huwawezesha wazazi kupata cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Soma jina kabla ya kuondoka dirishani.

Kwa mwenye mtoto wa shule ya msingi: hakikisha jina lililo katika daftari la shule ndilo lililo katika cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kama mtoto hana cheti, anza usajili wa kuchelewa kupitia ofisi ya wilaya ukiwa na kadi ya kliniki au ya ubatizo, barua ya kijiji na vitambulisho vyenu.

Kwa mwenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu: huu ndio wakati wa mwisho ulio rahisi. Jina likishasajiliwa kwa mtihani wa Taifa na kuchapishwa katika cheti, kulibadilisha ni kazi ngumu. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba na kadi ya ubatizo, ukavisome vyote kwa sauti mbele ya mtoto. Mkiona tofauti, nendeni kwa mkuu wa shule wiki hiyo hiyo.

Kwa aliyekwisha kufanya mtihani na majina yakatofautiana: tafuta wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina, na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Hati ya kiapo pekee haikubaliwi kila mahali. Anza kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka.

Kwa aliyefiwa na mzazi: tafuta cheti cha kifo mapema. Kibali cha mazishi si cheti.

Kwa kila mmoja: lipa malipo yote ya vyuo na ya ofisi za Serikali kwa kumbukumbu namba, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, na hakikisha jina linalotokea kwenye simu au benki ni la taasisi. Anayekwambia utume fedha kwa namba yake binafsi ili “akusukumie” faili ni kishoka. Hifadhi kila stakabadhi. Na mtoto wako Mtanzania akipangiwa ada ya wageni, usilipe kwanza ukitumaini kurudishiwa. Andika barua kwa ofisi ya udahili ya chuo ukiambatisha nakala za uthibitisho, na usipojibiwa iandikie Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa mambo ya mkopo, Bodi hufungua kipindi cha rufaa baada ya kutangaza majina, nacho pia kina tarehe yake ya mwisho.

Neno la kumalizia

Ndugu zangu, nimesimama mahali ambapo watu wake wanaijua subira. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu la Mtwa Mkwawa lirudishwe, nalo lilifika hapa Kalenga mwaka 1954. Wazee wenu walisubiri miaka 35 kupata kilichokuwa chao. Dirisha la maombi ya chuo na mkopo halina subira ya namna hiyo. Likifungwa, limefungwa hadi mwaka ujao.

Haki ya mtoto wenu kulipa ada ya Mtanzania, na kuomba mkopo wa Mtanzania, ni yake tayari. Hainunuliwi, wala haihitaji kuhama mkoa. Inahitaji karatasi chache zinazosema jina moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa nyumbani. Leo jioni, kabla ya kulala, ifungueni bahasha au sanduku mnamoweka vyeti, mwiteni mtoto, msome majina pamoja. Mkikuta tofauti, kesho asubuhi Mtendaji yupo ofisini, na mimi nitakuwepo hapa hadi saa nane mchana pamoja na wenzangu. Njooni na vyeti vyenu tuvitazame kimoja kimoja.